Nianze rangi ya mafuta kwa kunakili picha gani ya zamani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Morogoro. Nachora sura za watu kwa penseli kutoka kwenye picha za simu, na wateja ninao. Sasa nataka kuingia kwenye rangi ya mafuta. Nimeambiwa njia nzuri ni kunakili picha maarufu ya zamani, nikawa nafikiria Mona Lisa. Je, ni chaguo zuri? Ninunue vitu gani? Mbona kila nikijaribu kupaka ngozi nyeusi inatoka kama imepakwa majivu? Kuna rafiki yangu anasema kunakili ni wizi, eti na Mwafrika hana haja ya kuiga Wazungu. Na nikimaliza, naruhusiwa kuiuza?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kuanza kwa kunakili ni uamuzi mzuri, ila Mona Lisa iache kwanza. Leonardo da Vinci aliijenga sura ile kwa matabaka membamba mno ya rangi, moja juu ya jingine, mpaka huoni brashi ilipita wapi, na juu yake kuna vanishi kuukuu iliyogeuka manjano. Anayeanza akiitazama anaona matokeo tu, haoni kazi. Wewe unahitaji picha inayokuonyesha jinsi ilivyofanywa: rangi nzito imekaa wapi, wapi imepakwa nyepesi mpaka tabaka la chini linachungulia, wapi mchoraji aligusa mara moja akaacha.

Ninayokuchagulia ni picha ya Juan de Pareja, aliyoichora Diego Velázquez, mchoraji wa Hispania, huko Roma mwaka 1650. Leo iko Metropolitan Museum of Art, New York. Ina urefu wa sentimita 81.3 na upana wa sentimita 69.9. Ni mtu mmoja, kuanzia kiunoni kwenda juu, mwili umegeuka nusu na macho yanakutazama wewe. Amevaa nguo ya kijivu inayoelekea kijani, kola nyeupe ya lesi, na nyuma yake hakuna chochote ila kijivu kilichochangamka kidogo. Rangi ni chache kabisa. Na ngozi yake ni ya kahawia, kwa hiyo swali lako la majivu utalikuta humo humo ndani ya zoezi.

Utakaa na uso huu kwa wiki kadhaa, basi ni vizuri umjue mwenyewe. Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, karibu mwaka 1608, akiwa na asili ya Kiafrika. Alikuwa mtumwa wa Velázquez, akifanya kazi katika karakana yake kwa miaka mingi. Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anasimulia kwamba Velázquez alipokuwa Roma akijiandaa kumchora Papa Innocent X, alitaka kwanza auzoeze mkono wake kwa kuchora kichwa cha mtu aliye hai mbele yake, akamchora Pareja. Picha ikaonyeshwa hadharani pale Pantheon, hekalu la kale la Roma, tarehe 19 Machi 1650. Palomino anaeleza kwamba wachoraji wa mataifa mbalimbali waliokuwepo walikubaliana kuwa picha nyingine zote zilikuwa uchoraji, hii peke yake ilikuwa kweli. Mwezi Novemba mwaka huo huo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti kwamba aendelee kutumika miaka minne zaidi.

Baada ya hapo Pareja aliishi Madrid kama mchoraji anayejitegemea. Picha yake kubwa ya mwaka 1661, inayomwonyesha Mathayo akiitwa na Yesu, iko Makumbusho ya Prado, Madrid, na yeye mwenyewe amejichora ukingoni akiwa ameshika karatasi yenye jina lake. Mwaka 1926 Arturo Schomburg, yule mkusanyaji mkubwa wa vitabu na kumbukumbu za watu weusi huko New York, alisafiri mpaka Hispania kuifuata kazi ya Pareja. Nakueleza haya ili umwambie rafiki yako kwamba mtu utakayemchora hakuwa kielelezo tu cha kukalishwa mbele ya bwana wake. Alikuwa fundi aliyejifunza kazi hii ndani ya karakana, kwa kutazama na kufanya, katika mazingira magumu kuliko yangu na yako.

Kuhusu wizi: Rubens wa Flanders, akiwa mchoraji mashuhuri aliyevuka miaka hamsini, alikwenda Madrid mwaka 1628 akakaa hadi mwaka uliofuata, na akiwa huko alinakili picha za Titian, mchoraji wa Venice aliyemtangulia, zilizokuwa kwenye mkusanyiko wa mfalme. Picha ya Adamu na Hawa ya Titian na nakala ya Rubens zote ziko Prado. Ukiziweka pamoja utaona Rubens hakufuata kila kitu. Adamu wake ameinama kwa namna nyingine, mwili una nguvu zaidi, na juu ameongeza kasuku. John Singer Sargent, mchoraji Mmarekani, naye alikwenda Prado mwaka 1879 kumnakili Velázquez. Hawa hawakuiba. Walikuwa wanauliza maswali kwa brashi, na picha inawajibu.

Hoja ya pili ya rafiki yako ina historia hapa kwetu na siidharau. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere miaka ya 1930, hakutaka wanafunzi wake wafundishwe kuiga Ulaya. Aliwasimulia hadithi na mandhari wachore kutoka vichwani mwao. Cecil Todd aliyempokea mwishoni mwa miaka ya 1950 aligeuza mambo, akaleta nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Mjadala ule haujaisha. Msimamo wangu ni kwamba rangi ya mafuta ni ufundi wenye tabia zake: namna inavyokauka, inavyong'aa, inavyopasuka. Waliokaa nayo karne nyingi wameacha majibu ukutani, na ni hasara kuyapita. Baadaye utawachora watu wako kwa namna yako. Ila wakati wa kunakili, nakili kwa unyenyekevu.

Sasa vifaa. La kwanza, kuwa mwangalifu dukani. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta utapewa kopo la rangi ya milango na madirisha. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 pale Dar es Salaam na rangi za kopo za namna hiyo juu ya hadibodi, na kwa picha zile za rangi bapa zinazong'aa, ilikuwa sawasawa. Lakini kwa uso wa mtu unahitaji rangi inayokaa mbichi siku kadhaa ili kingo ziweze kulainishwa. Hiyo ni rangi ya wasanii, inauzwa kwenye tyubu, katika maduka ya vifaa vya sanaa ya miji mikubwa au kwa kuagiza.

Nunua tyubu tano tu: nyeupe ya titani, okeri ya njano, siena iliyochomwa, amba iliyochomwa (hizi tatu ni rangi za udongo, za njano na kahawia), na nyeusi ya mifupa. Ukiweza ongeza ya sita, nyekundu ya kadimiamu iliyo nyepesi. Velázquez mwenyewe alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo titani inatosha. Usinunue ile tyubu inayouzwa kama rangi ya ngozi. Ni waridi iliyopauka, haifanani na ngozi ya mtu yeyote ninayemjua, na itakuzoesha vibaya.

Bluu hujaiona kwenye orodha, na sijaisahau. Changanya nyeusi ya mifupa na nyeupe, upate kijivu. Paka kijivu hicho kando ya siena. Utaona kimegeuka bluu mbele ya macho yako, kwa sababu jicho linapima rangi kwa kulinganisha na jirani yake. Kisha changanya nyeusi hiyo hiyo na okeri ya njano. Inatoka kijani ya zeituni iliyotulia, na karibu nguo yote ya Pareja na ukuta ulio nyuma yake vinapatikana humo, ukiongeza nyeupe hapa na pale. Zoezi hilo dogo fanya siku ya kwanza, kabla hujagusa turubai. Mtu aliyeona nyeusi na okeri zikizaa kijani hababaishwi tena na wingi wa tyubu dukani.

Brashi chukua nne za nywele ngumu, mbili bapa kubwa na mbili za kati, na moja ndogo laini kwa ajili ya macho. Hiyo ndogo ifiche mpaka mwisho. Turubai la duka ni ghali, basi tumia hadibodi. Katia kipande cha sentimita 40 kwa 30, kwaruza upande laini kwa msasa, upake jeso (rangi nyeupe ya kuandalia ubao) mara tatu, ukisubiri kila tabaka likauke. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu, mafuta yataozesha nyuzi.

Kuyeyusha rangi tumia tapentaini ya wasanii au spiriti nyeupe, kidogo, dirisha likiwa wazi. Mafuta ya taa usiyatumie. Yanaacha utelezi na rangi haikauki vizuri. Mafuta ya kuongeza kwenye rangi ni ya mbegu za kitani. Ya kupikia hayafai kuchanganywa na rangi kwa sababu hayakauki ipasavyo, ila ni mazuri sana kwa kuosha brashi: suuza kwanza kwa mafuta ya alizeti, futa, kisha sugua kwa sabuni ya mche na maji. Na hili lishike kwa uzito: tambara lililolowa mafuta ya kitani likikunjwa likatupwa kwenye kona linaweza kujipasha joto lenyewe mpaka likawaka moto. Litandaze nje likauke, au liloweke kwenye kopo la maji.

Picha ya kunakili ipakue kwenye tovuti ya Metropolitan Museum. Tangu mwaka 2017 wameruhusu picha za kazi zisizo na hakimiliki zitumike bure, na unaweza kuivuta karibu mpaka uone brashi ilivyopita. Chapisha nakala mbili, moja ya rangi na moja nyeusi na nyeupe. Uchapishaji hupotosha rangi, na kioo cha simu hung'aa kuliko rangi yoyote ya tyubu, kwa hiyo vyote viwili usiviamini kikamilifu. Tumia ya nyeusi na nyeupe kwa mwanga na giza, na kioo kwa rangi.

Usinakili picha nzima. Chukua kichwa na kola tu.

Kabla ya rangi, kaa na ile nakala ya nyeusi na nyeupe. Finya macho mpaka yabaki nusu. Maelezo yote ya kope na nywele yatapotea, yatabaki mabonge matatu: giza la nywele, ndevu na vivuli; ngozi na ukuta vilivyo katikati; na mwanga wa paji la uso, pua na kola. Chora michoro midogo kama ukubwa wa kiberiti, kwa ngazi hizo tatu tu, bila macho wala mdomo. Wewe unayetoka kwenye penseli utaona hili ni gumu kuliko unavyodhani, maana penseli inazoeza mtu kuanza na jicho, akalimaliza mpaka nywele ya mwisho, ndipo ahamie pua. Katika rangi ya mafuta jicho lililokamilika ndani ya uso ambao haujakaa mahali pake ni kazi itakayofutwa. Kama mchoro wako mdogo hauonyeshi kwamba huyu ni Pareja, ukubwa hautausaidia. Rudia mpaka uonyeshe.

Kisha andaa ubao. Changanya amba na okeri kidogo, yeyusha, paka kote, futa kwa tambara ubaki na rangi ya chai hafifu. Acha ikauke. Amba hukauka haraka kuliko rangi nyingi, ndiyo maana inafaa chini. Juu yake chora kwa brashi na amba nyepesi. Ukitaka tumia miraba kupata vipimo, sina ugomvi nayo, ilimradi baada ya kupata alama kuu (utosi, kidevu, mstari wa macho, chini ya pua, pembe za kola) uifute na uendelee kwa jicho. Sura hupatikana kwenye mwinuko wa kichwa na upana wa mashavu kabla haijafika kwenye macho.

Hatua inayofuata wengi huiruka kwa haraka ya kuona rangi. Paka vivuli vyote kwa amba peke yake, bila nyeupe hata chembe. Unapotaka mwanga, futa kwa tambara mpaka ubao wa rangi ya chai ujitokeze. Ukimaliza utakuwa na Pareja wa kahawia mtupu, mwenye mwanga na giza sahihi. Tundika mbali, uitazame kutoka upande wa pili wa chumba. Igeuze juu chini. Itazame kwenye kioo cha ukutani. Kosa lililojificha litajitokeza, na sasa hivi kulirekebisha ni suala la kufuta tu. Iache ikauke.

Tumefika kwenye majivu yako, na hapa naomba usome taratibu.

Ngozi yako inatoka ya majivu kwa sababu, naamini, unaianza kwa kahawia, ukitaka iwe na mwanga unaongeza nyeupe, ukitaka iwe na giza unaongeza nyeusi. Nyeupe haiongezi mwanga peke yake. Inaua ukali wa rangi na kuipoza, yaani kuiondoa kwenye joto la wekundu na njano na kuivuta kwenye ubaridi wa bluu. Kahawia yenye nyeupe nyingi inaelekea kijivu cha waridi, ndiyo hayo majivu. Na nyeusi ikiingizwa peke yake kwenye kahawia inazima joto lote, unapata tope.

Tazama Velázquez alivyofanya. Vuta karibu paji la uso la Pareja. Sehemu kubwa ya ngozi yenye mwanga haina nyeupe nyingi. Ina okeri na wekundu. Mng'ao wenyewe, pale ngozi inaporudisha mwanga, ni eneo dogo, rangi nzito, na inaelekea ubaridi. Kuzunguka mng'ao huo rangi inarudi haraka kwenye joto. Vivuli navyo ni vyembamba na vya joto, tabaka la chini linaonekana kupitia. Ngozi nyeusi ina tabia hii: kwa kuwa yenyewe iko chini kwenye ngazi ya mwanga, mng'ao wake unatofautiana nayo sana, unaonekana mkali. Ngozi nyeupe haina nafasi hiyo, umbali kati ya ngozi na mng'ao ni mdogo. Kwa hiyo mwanga wa uso mweusi haupatikani kwa kuufanya uso mzima uwe mweupe kidogo. Unapatikana kwa kuacha ngozi katika uzito wake (kiasi chake cha giza), na kuweka mng'ao mahali pake kwa ujasiri.

Kwa vitendo, panga vilima vinne vya rangi kwenye paleti (ubao wa kuchanganyia rangi) kabla ya kuanza. Cha kwanza ni kivuli: amba na siena, na nyeusi kiasi cha ncha ya kisu. Cha pili ni ngozi yenyewe: siena na okeri, na nyekundu kidogo. Nyeupe usitie bado, na kilima hiki kiwe ndicho kikubwa kuliko vyote. Cha tatu ni ngozi iliyopigwa na mwanga: chukua sehemu ya kilima cha pili, ongeza okeri, ndipo nyeupe kidogo, na ukiona imeanza kupauka irudishie nyekundu. Cha nne ni kijivu cha nyeusi, nyeupe na okeri, chenye uzito sawa na kilima cha pili. Hiki cha nne kinakwenda pale mwanga unapoanza kugeuka kuwa kivuli, kwenye mashavu, pembeni mwa paji, kuzunguka mdomo mahali ndevu zinapoanzia. Kikiwa kwenye paleti kinaonekana kibaya, cha uchafu. Kikiwekwa katikati ya rangi mbili za joto kinapumua, na uso unaanza kuzunguka.

Kila kilima kipime. Chukua rangi kidogo kwenye ncha ya kisu, sogeza kando ya picha, finya macho. Jiulize mambo mawili kwa mfuatano huu: ina giza zaidi au mwanga zaidi kuliko ile? Ina joto zaidi au ubaridi zaidi? Swali la kwanza likikosewa, la pili halina maana. Ikibidi utumie jioni nzima kupima vilima hivi bila kupaka chochote, utumie.

Ukianza kupaka, anza na kivuli, chembamba. Halafu ngozi, kwa vipande bapa, bila kusugua. Weka kipande, weka jirani yake, acha. Anayetoka kwenye penseli ana mkono wa kulainisha, na katika rangi ya mafuta mkono huo unachanganya joto na ubaridi mpaka vyote vinakuwa rangi moja, ndiyo tope tena. Laini itakuja kutokana na vipande vilivyo na uzito sahihi. Mahali pachache tu, kwa brashi kavu safi, gusa mpaka kati ya vipande viwili. Nywele zake zilivyoyeyuka ndani ya ukuta ni somo peke yake: huwezi kuonyesha kwa kidole mahali nywele zinapoishia. Ukiuchora mstari pale utakuwa umebandika kichwa cha karatasi ukutani.

Ukuta upake siku hiyo hiyo na nywele, rangi zote zikiwa mbichi, la sivyo hutapata mpaka ule.

Kola ni zawadi. Watu huiogopa lesi, wakaanza kuhesabu matundu. Velázquez hakuhesabu. Paka umbo lote la kola kwa kijivu cha kati, kingo zake zenye mawimbi ziwe sahihi. Ikishikana kidogo, chukua nyeupe nzito na miguso michache ya haraka, pale mwanga unapoangukia. Mahali pengine acha kijivu kitupu. Rudi nyuma hatua tano na macho yatakumalizia lesi. Palomino anasema Velázquez alitumia brashi za mipini mirefu ili achore akiwa mbali, na ukiitazama kola ile utaelewa kwa nini. Nawe simama, usikae. Shika brashi mwishoni mwa mpini.

Macho weka mwishoni. Nyeupe ya jicho si nyeupe, ni kijivu chenye giza kuliko unavyoamini. Ipime na kola utaona. Nukta ya mwanga ndani ya jicho ni mguso mmoja. Ukikosea, ifute yote, usiipapase.

Kama picha itahitaji zaidi ya tabaka moja, kanuni ni mafuta machache chini, mengi juu. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka, inakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni na kugeuka ngumu. Tabaka la juu likikauka kabla ya la chini, la chini linaendelea kujongea na la juu linapasuka. Basi tabaka la kwanza liyeyushwe kwa tapentaini, la pili lipakwe kama lilivyotoka kwenye tyubu, na mafuta ya kitani yaongezwe la mwisho tu, matone. Vanishi subiri miezi sita hadi mwaka.

Nakala ya kwanza ikikauka, usitafute picha nyingine ya kunakili. Igeuze iangalie ukuta, chukua ubao mpya, uchore kichwa cha Pareja tena bila kuangalia chochote. Itatoka na makosa mengi, na makosa hayo yatakuonyesha ulichonakili bila kukielewa. Ulichokumbuka ndicho ulichojifunza.

Kisha mkalishe mtu. Mjomba, dada, rafiki yako huyo mbishi, yeyote mwenye subira ya saa mbili. Dirisha moja upande mmoja, taa zizimwe, nyuma yake shuka la rangi iliyotulia. Tyubu zile zile, vilima vile vile vinne. Wateja wako wamekuzoesha picha za simu, na simu hujaza vivuli mwanga na kuzilainisha ngozi zetu vibaya. Macho yako mbele ya mtu aliye hai yataona kijivu na joto ambavyo kamera haikupi. Utakapogundua kwamba kilima cha pili hakilingani na shavu lake, ukaongeza siena au ukapunguza okeri bila kuniuliza, zoezi limefanya kazi yake. Bila hatua hii ya mtu hai, mimi kunakili sikuungi mkono hata kidogo. Nimeona vijana wenye mikono mizuri wakibaki kwenye nakala miaka, wakiogopa uso unaopumua.

La mwisho, kuuza. Velázquez alifariki mwaka 1660, hakimiliki haipo, kwa hiyo nakala yako ni halali kuiuza. Kinachokatazwa ni kudanganya. Makumbusho makubwa yanayoruhusu wanakili yana masharti ya kuzuia hilo: kule Louvre, kwa mfano, nakala lazima ipishane na picha asili kwa ukubwa, na saini ya mchoraji wa asili hairuhusiwi kunakiliwa. Wewe tayari umechora kichwa tu, kwa ubao mdogo, uko salama. Nyuma ya ubao andika kwa rangi isiyofutika jina lako, mwaka, na maneno haya: nakala ya sehemu ya picha ya Juan de Pareja, iliyochorwa na Velázquez, 1650. Mteja akiuliza Pareja ni nani, mweleze. Ila ushauri wangu ni kwamba hii ya kwanza usiiuze, bei yoyote utakayopewa. Utaihitaji ukutani unapomchora mjomba, upime kijivu chako.